Dini au Madaraka? Swali Lisilokaa Sawa Kuhusu Vita vya Miaka Thelathini

Januari 1631, Ufaransa chini ya Kardinali Richelieu ilitia saini mkataba na Gustavus Adolphus, mfalme Mlutheri wa Uswidi. Ufaransa itoe fedha, thaler (sarafu ya Kijerumani) 400,000 kila mwaka. Uswidi itoe jeshi. Wa kupigwa alikuwa Ferdinand II, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, yaani nchi za Ujerumani na baadhi ya jirani zake, Mkatoliki asiye na mzaha katika dini yake. Kardinali anamlipa Mlutheri ampige Mkatoliki mwenzake! Wanaodai kwamba Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) vilikuwa vya madaraka, na dini ilikuwa joho la kufunikia tu, hupenda kuanzia hapa, nami siwalaumu.

Wana karata nyingine pia. Mwaka 1620 Johann Georg, mtawala Mlutheri wa Saxony, alisimama na Kaisari dhidi ya Waprotestanti wa Bohemia (sehemu ya Ucheki wa leo), akapata jimbo la Lusatia. Wallenstein, jemadari mkuu wa Kaisari, alizaliwa katika familia ya Kiprotestanti, na maofisa wa Kiprotestanti hawakukosa nafasi jeshini mwake. Mwaka 1643 Uswidi iliivamia Denmark, Walutheri kwa Walutheri. Na askari waliotekwa mara nyingi waliandikishwa na aliyewateka, kesho yake wakageuziwa wenzao wa jana.

Hoja hiyo ni nzito, ila ina tundu, na tundu lenyewe ni Ferdinand. Mwanzoni mwa 1629 alikuwa ameshinda. Denmark ilikuwa hoi, majeshi yake yamefika pwani ya Baltiki. Mtu wa madaraka matupu angekaa akala matunda ya ushindi. Yeye, Machi mwaka huo, akatoa amri kwamba mali za Kanisa zilizochukuliwa na Waprotestanti tangu 1552 zirudishwe, yaani maabasia na majimbo ya kiaskofu ambayo mengine yalikuwa yameshakaa mikononi mwa Walutheri vizazi viwili au vitatu. Wallenstein mwenyewe hakuipenda amri hiyo. Lakini padri Lamormaini, Mjesuiti aliyekuwa akimuungamisha Kaisari dhambi zake, aliona katika ushindi ule mkono wa Mungu, na mkono wa Mungu haukatizwi kwa hesabu za majemadari. Matokeo? Watawala wa Kiprotestanti waliokuwa watulivu waliingiwa na hofu, na kufikia Septemba 1631 hata Saxony ilikuwa imehamia kwa Waswidi. Ukipima kwa mizani ya siasa tu, huo ni wendawazimu.

Basi ni dini? Hapo ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Amani ya Augsburg ya 1555 ilikuwa imeamua kwamba mwenye nchi ndiye mwenye kuchagua dini ya nchi, Ukatoliki au Ulutheri. Wakalvini, Waprotestanti waliomfuata Calvin badala ya Luther, waliachwa nje. Kwa mpango huo imani ikawa hati ya ardhi. Kaisari alichaguliwa kwa kura saba: tatu za maaskofu wakuu Wakatoliki, tatu za watawala Waprotestanti, na ya saba ilikuwa ya mfalme wa Bohemia. Wabohemia walipomkataa Ferdinand asiwe mfalme wao na kumpa taji Frederick V, Mkalvini ambaye tayari alikuwa na kura moja, je, hilo lilikuwa jambo la sala au la utawala? Kumwambia mtu wa mwaka 1619 azitenganishe hizo mbili ni kama kumwambia atoe tui kwenye mchuzi ulioiva.

Hata tukio lililowasha moto lilisomwa hivyo hivyo. Tarehe 23 Mei 1618, Waprotestanti mjini Praha, mji mkuu wa Bohemia, waliwatupa dirishani maofisa wawili wa mfalme pamoja na karani wao, kutoka kimo cha mita 20 hivi. Wote watatu walipona. Wakatoliki walisema Bikira Maria amewadaka. Waprotestanti walisema wameangukia jaa. (Karani baadaye alipewa cheo cha ukabaila, akaitwa bwana wa Anguko la Juu. Kumbe ikulu nako kulikuwa na watani.)

Siku nane tu kabla ya dirisha lile, Johannes Kepler, mtaalamu wa hisabati wa Kaisari, alikuwa amethibitisha kanuni inayounganisha umbali wa sayari kutoka kwenye jua na muda inaotumia kulizunguka. Wengi hupenda kusimulia kwamba sayansi ya watu kama yeye ndiyo iliyowapoza wacha Mungu wenye mapanga. Kepler mwenyewe haingii vizuri katika hadithi hiyo. Aliamini anasoma mawazo ya Muumba. Alifukuzwa Graz kwa kukataa Ukatoliki, kisha mjini Linz Walutheri wenzake wakamnyima meza ya Bwana kwa sababu hakukubali kila kifungu cha imani yao. Mama yake alishtakiwa kwa uchawi na kufungwa zaidi ya mwaka mmoja, mwanawe akimtetea kwa hoja za maandishi hadi alipoachiwa mwaka 1621. Ulimwengu mpya na wa kale vilikaa nyumba moja, tena bila ugomvi mkubwa.

Kilichobadilisha mambo, kwa maoni yangu, ni uchovu. Mwaka 1648 huko Münster na Osnabrück, miji ya Ujerumani ulikofanywa mkataba wa kumaliza vita, wajumbe hawakujadili nani ana ukweli kuhusu mkate wa ekaristi. Kwa sehemu kubwa ya dola waliuliza swali la kikarani: tarehe 1 Januari 1624 kanisa hili lilikuwa la nani? Jibu hilo likawa sheria. Papa Innocent X aliulaani mkataba huo, na watu wakaendelea na shughuli zao. Hivyo ule mpaka tunaouchora leo kati ya dini na siasa ulichongwa kwa kiasi kikubwa na vita vyenyewe, halafu tunarudi nyuma kuvipimia vita vilivyouzaa.

Nisiupambe mkataba huo. Nchi za urithi za Habsburg, ukoo wa Kaisari, Bohemia ikiwemo, hazikuguswa na kanuni hiyo, na Comenius, askofu na mwalimu Mbohemia aliyekuwa uhamishoni, aliona watu wake wametelekezwa. Alifia ugenini Amsterdam mwaka 1670. Ila uliacha vioja ambavyo kabla ya hapo vingechomesha watu moto. Jimbo la Osnabrück liliamriwa kuongozwa kwa zamu, askofu Mkatoliki akifuatwa na mtawala Mlutheri, kisha Mkatoliki tena. Zamu ya kwanza ya Walutheri ilifika baada ya askofu Mkatoliki kufariki mwaka 1661: akaingia Ernst August, na mkewe Sophia, na watoto.