Mechi 107 za raga: timu ya taifa au biashara ya viingilio?

Orodha rasmi ya wachezaji wa All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, inaanza na kikosi cha 1884 kilichovuka bahari hadi New South Wales, Australia, na kushinda mechi zake zote 8 huko. Kinachofuata ni kikosi cha 1893. Katikati hapo, timu nyingine kutoka New Zealand ilikaa safarini zaidi ya mwaka, kuanzia Juni 1888 hadi Agosti 1889. Ilicheza mechi 107 za raga, ikashinda 78, ikafungwa 23 na kutoka sare 6. Hiyo haimo. Cha kuchekesha ni kwamba England, walioifunga, wanaihesabu mechi yao nayo kuwa ya kimataifa.

Timu hiyo aliianzisha Joe Warbrick, Mmaori (wenyeji wa asili wa New Zealand) aliyekuwemo katika kikosi cha 1884. Alitaka iwe ya Wamaori watupu. Walipoungana naye wafadhili wawili, Thomas Eyton na James Scott, kikosi kikafika wachezaji 26, Wazungu wachache wakiwemo, na jina likawa New Zealand Native Football Team. Mmoja wa hao waliobeba jina la "wenyeji", Pat Keogh, alizaliwa Birmingham. Warbrick alikwenda na ndugu zake wanne.

Wanaosema timu hii isiitwe ya taifa wana hoja. Safari ilikuwa mradi wa watu watatu waliotega faida mlangoni, na chama cha kitaifa hakikuwepo hadi 1892. Njaa ya viingilio ilionekana kwenye ratiba. Huko Uingereza na Ireland walicheza mechi 74 katika wiki 25, yaani karibu siku moja ya mechi kwa kila siku mbili na nusu, kwenye matope ya majira ya baridi na safari za treni katikati. Wachezaji 26 hawatoshi kwa kazi hiyo. Majeruhi walizidi, nahodha mwenyewe, Warbrick, akakosa sehemu kubwa ya mechi, na mara nyingine kupata watu 15 wazima ilikuwa shida. Walipopitia Melbourne walicheza hata kandanda ya Victoria, mchezo wenye sheria zake ambao hawakuuzoea, kwa sababu huko ndiko watazamaji walikojaa.

Kuna pia haka, ngoma ya kivita ya Wamaori. Siku ya mechi ya kwanza ya Uingereza, dhidi ya Surrey pale Richmond, Oktoba 1888, baadhi ya wachezaji waliingia wamejitanda mavazi ya asili juu ya jezi, wakapiga haka. Magazeti ya London yalitarajia kuona washenzi, na mengine yalionyesha wazi kwamba yamesikitika kuwakuta vijana wenye adabu wanaozungumza Kiingereza safi. Mkosoaji atasema huo ni utamaduni uliotolewa sokoni ili kuuza tiketi, na sitambishia kwamba waandaaji waliijua bei yake.

Ila hoja ya kwanza inavuja. Kikosi cha 1884 nacho kiliandaliwa na watu binafsi, miaka minane kabla ya chama kuundwa, na hakuna anayekiondoa kwenye orodha. Kama dosari ni kukosa baraka za chama, wote wawili wanayo. Na hao waliokunja pua kwa sababu ya pesa, wao wenyewe walikuwa wapi? Vilabu vya Yorkshire na Lancashire viliwaalika wageni hawa mara kwa mara kwa kuwa uwanja ulijaa. Mwaka huohuo 1888, chama cha raga cha England kilimtangaza Jack Clowes wa Halifax kuwa mchezaji wa kulipwa, jambo lililokatazwa katika raga wakati huo, kwa kupokea pauni 15 za kununulia nguo za safari ya timu ya Waingereza kwenda Australia na New Zealand. Akapanda meli, akafika, asicheze. Ukali huo kwa mchezaji wa Halifax haukuonekana kwa wenye mradi wa Wamaori, pengine kwa kuwa kila mtu alikuwa na fungu lake.

Tukija uwanjani, hoja ya "onyesho tu" inazidi kuyumba. Tarehe 1 Desemba 1888 waliifunga Ireland 13-4 mjini Dublin. Wales iliwashinda 5-0 kule Swansea. Halafu ikaja mechi na England pale Blackheath, 16 Februari 1889. Refa alikuwa Rowland Hill, ambaye ndiye katibu wa chama cha England. Fikiria hilo kwanza. Alikwisha kuwakubalia England trai (alama za kuweka mpira nyuma ya mstari wa goli) ambazo wageni walizipinga, Andrew Stoddart wa England alipokabwa na bukta yake ikachanika. Wageni wakamzunguka ili ajistiri, wakidhani mchezo umesimama. Frank Evershed, naye wa England, akaokota mpira, akakimbia, akaweka trai. Hill akaikubali. Wachezaji watatu wa Native wakatoka uwanjani kwa hasira kabla ya kurejea. England wakashinda 7-0, kisha chama kikadai kuombwa radhi na wageni, na timu ilipoondoka Uingereza hakuna kiongozi wa chama aliyekwenda kuiaga. Kundi la wachekeshaji halimkasirishi mtu kiasi hicho.

Upande mmoja siwezi kuwatetea waandaaji: walivyowatumia wachezaji. Miili ya watu 26 ilibeba deni la safari nzima. Mwishoni, timu iliporudi Australia, wachezaji wanne walisimamishwa kwa tuhuma ya kuuza mechi dhidi ya Queensland. Chama cha Otago kilichunguza na hakikupata ushahidi. Hata hivyo, mtu aliyechoka na asiye na ujira ni rahisi kumshuku.

Kwa hiyo mimi ningewaingiza kwenye orodha, na ningeandika pembeni kwamba walinyonywa. Kimojawapo hakifuti kingine. Jezi nyeusi yenye jani la kangaga la rangi ya fedha waliivaa wao kwanza. Tom Ellison, mmoja wao, ndiye aliyependekeza mwaka 1893 iwe jezi ya taifa, na ndiye aliyekuwa nahodha wa kikosi cha kwanza kilichotumwa na chama, mwaka huohuo. Ellison baadaye akawa mwanasheria, miongoni mwa Wamaori wa kwanza katika kazi hiyo. Akapendekeza pia wachezaji wanaosafiri walipwe mshahara wanaoupoteza wakiwa mbali na kazi zao. Jezi chama kilimkubalia. Mshahara ulisubiri.