Baba Pimbi

Miaka 13 nimelala Mabatini, hapa Mwanza, chumba kimoja juu ya mawe. Kushoto grosari, kulia fundi wa kuchomelea mageti, chini yetu kanisa lenye mkesha kila Ijumaa na spika mbili kubwa kama makabati. Nikawa nalala fofofo. Shida ni kwamba sikujua kama nalala fofofo. Kila siku kulalamika: kelele, kelele, jamani kelele! Mpaka mama watoto akachoka: "Si ununue kiwanja mbali tukapumzike wote?" Nikanunua. Mbali kweli.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma unapita Buzuruga, unapita Igoma, unaingia Kisesa, kama kilomita 20 hivi. Hapo unashuka, unaiacha lami, unaelekea upande wa Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, unayapita, halafu unatembea mpaka uanze kujiuliza dalali alikuwa na kinyongo gani na wewe. Ukifika kwenye swali hilo umefika kwangu. Na huku si jiji tena, ni Wilaya ya Magu. Naamka Magu, nakwenda kutafuta riziki mjini Nyamagana, narudi kulala Magu. Wenzangu wakivuka wilaya wanalipwa posho, mimi navuka mara mbili kwa siku na nauli natoa mwenyewe.

Dalali aliniambia neno moja tu: "Bosi, huku ni utulivu mtupu." Hakudanganya. Alichonificha ni kwamba utulivu ukishakuwa mtupu kiasi hicho, ukikohoa umetangaza.

Usiku wa kwanza nilikohoa mara tatu, vumbi la kuhamisha vyombo. Asubuhi natoka na mswaki mdomoni, mzee jirani, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya shamba la mihogo, hatua 200 kwa uchache, ananiambia, "Pole na kifua, ng'wanawane." Mbele kidogo mama wa genge: "Shemeji, chemsha majani ya mkaratusi ujifukize." Kijana wa bodaboda, simjui hanijui, anapunguza mwendo: "Braza, kile cha saa nane kilikuwa kibaya." Saa nane! Nikapiga hesabu. Ilikuwa saa nane kweli.

Na nyumba yenyewe haina dari, mkopo uliishia kwenye bati. Maneno ya chumbani yanapanda, yanapita kwenye kenchi, yanatokea nje yakiwa mabichi. Mimi na mama watoto tumejifunza kugombana kwa kunong'ona, na niwaambie, ugomvi wa kunong'ona hauna ladha. Unamnong'oneza mtu "umenidharau sana" mpaka mwenyewe unaona aibu. Siku moja tukajisahau, tukabishana hela ya LUKU kwa sauti ya kawaida. Kesho yake mzee kanishika bega, kanivuta kando kama mshenga: "Mama ana haki. Umeme wa elfu mbili, halafu na pasi?" Pasi! Kumbe na pasi waliisikia.

Salamu nazo. Mimi ni Msukuma wa Mabatini, Kisukuma changu kinaanzia "mwangaluka" na kuishia "mhola duhu". Mjini unamwambia mtu "vipi" huku umeshampita. Huku salamu ni kikao. Mzee anasimama, anaegemea fimbo, anauliza nyumba, anauliza watoto, anauliza mama yangu aliyeko Misungwi, anauliza ng'ombe. Sina ng'ombe. Mzee anajua sina ng'ombe, maana ng'ombe angesikika. Bado kila asubuhi anauliza hali yao, na siku hizi najibu "hawajambo", kwa sababu nikianza kueleza, haisi inaondoka. Inaondoka vilevile. Naiona kabisa, konda ananipungia mkono, na mimi bado niko kwenye afya ya ndama.

Sasa jaribu kula samaki kwa siri. Mwisho wa mwezi nilipita Mwaloni, Kirumba, nikanunua sato wawili, wamenona. Zamani ungemfunga samaki kwenye mfuko mweusi wa plastiki ukapita naye kama nyaraka za serikali. Lakini ile mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, siku hizi samaki anasafiri kwenye wavu na anasalimiana na watu kwa macho. Nikashuka Kisesa. "Eh, leo sato!" Hatua kumi. "Baba, leo sato wawili!" Nikaamua hatukaangi mpaka saa nne usiku, watu wakishalala. Saa nne, mafuta yamechemka, mama watoto katumbukiza kipande kimoja: chwaaa! Mjini ile sauti isingefika hata mlangoni. Huku ilikwenda mpaka bondeni ikarudi. Dakika tano baadaye, hodi. Mtoto wa jirani na bakuli, ametumwa chumvi. Bakuli la nini, chumvi inawekwa kwenye bakuli la supu? Tukampa chumvi, na mkia.

Bafuni ndiko nilidhani niko peke yangu. Bafu letu la nje ni magunia na miti minne, na kwenye jiwe lililo pembeni anaishi yule mjusi wetu, dume, kichwa na mabega ya waridi, kiwiliwili bluu. Wenye elimu yao wamempa jina la kisayansi lenye Mwanza ndani yake, Agama mwanzae, kwa hiyo ana haki ya makazi kuliko mimi. Nikianza kujipaka sabuni anapanda juu ya jiwe, ananitazama, anapiga pushapu. Tatu, nne. Ananitazama tena kitambi. Nimehamia huku kudharauliwa na mjusi.

Mwezi wa sita ndipo nilipata nafuu. Baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu inakuja Bulabo, mashindano ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora: kundi la Bagika upande huu, la Bagalu upande ule, ngoma zinagombea watu, maana mshindi ni aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mtu anacheza na chatu shingoni, si kwamba anapenda nyoka, anataka watu wa upande wa pili wageuke. Ngoma zilirindima, vumbi likapanda, filimbi, vigelegele. Mimi nilitazama kidogo, nikarudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Mabatini. Mama watoto alinikohoza makusudi kuangalia kama niko hai.

Zikaisha. Utulivu ukarudi, nikaanza tena kukesha nao. Ndipo likanikuta la pimbi.

Nyuma ya nyumba kuna mawe yamepandana kama vyombo vya harusi visivyooshwa. Usiku huo mbalamwezi kali. Nikasikia mlango wenye kutu unafunguliwa, kriii, halafu mtu anakabwa, halafu anakoroma, halafu kriii tena. Mimi mtu wa mjini nina jibu moja tu kwa sauti kama hiyo. Nikajaza mapafu: "Mwiziii!"

Nilisahau niko wapi. Sungusungu ilianzia huku huku Usukumani na Unyamwezini, upande wa Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa wezi wa ng'ombe, na sheria yake wazee wetu hawajaisahau: mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, mwanamume anatoka, asiyetoka anatozwa. Wakatoka. Marungu, mapanga, mishale miwili niliyoihesabu, mmoja kavaa blanketi na buti moja la mvua. Hata yule wa bodaboda kafika, kawasha taa kamulika kilima kizima. Juu ya jiwe, katikati ya mwanga, mnyama mmoja mnene wa saizi ya sungura, hana mkia, ametulia, anatutazama kama mwenyekiti wa kikao.

Kimya. Halafu mtu akasema taratibu, "Pimbi."

Kuna kitu nilisoma zamani, kwamba pimbi ni ndugu wa karibu wa tembo. Nikajaribu kujitetea nacho. Nikasema jamani, ukoo wake ni mkubwa, ndiyo maana ya ile sauti. Hawakucheka. Kikao kikakaa palepale, usiku uleule, nikapigwa faini: jogoo mmoja, sukari kilo mbili, na majani ya chai kwa waliotoka. Jogoo nilimtoa kwa moyo mweupe, maana ndiye alikuwa anawika saa tisa kamili kila usiku. Waliomla walisema alikuwa mgumu. Nikawaambia namjua.

Tangu hapo sina jina lingine. Gengeni ni "Baba Pimbi, nyanya hizi". Watoto wa shule wananisalimia kwa jina hilo na heshima zote, "Shikamoo, Baba Pimbi." Juzi ndani ya haisi, konda ambaye hata hakai huku kapaza sauti, "Baba Pimbi anashuka, mwachieni njia!"

Kwa hiyo wiki iliyopita, usiku wa manane, kitu kilipoanza kuparua ukuta wa nyuma, kru, kru, kru, sikupiga yowe. Mimi si mjinga mara mbili. Nilibana pumzi. Nikageuka taratibu kitanda kisilie, nikaweka mdomo kwenye sikio la mama watoto, nikanong'ona chini kabisa, mimi mwenyewe sikuisikia vizuri sauti yangu:

"Umesikia?"

Ng'ambo ya mihogo, gizani, sauti ya mzee ikajibu bila haraka: "Ni mbuzi wangu huyo, kakata kamba. Lala, Baba Pimbi."

"Asante, baba," akasema mama watoto, akajigeuzia ukutani.