Kibali cha kupiga picha kitufe

Jamani leo niacheni niongee maana nikiendelea kukaa na hili jambo rohoni presha itanipanda bure. Naandika kitabu cha kompyuta cha chuo, kitabu cha kawaida tu cha kumfundisha mtoto wa watu kufungua Excel, kujumlisha safu, kuchora grafu, basi. Sasa Excel hufundishi kwa maneno matupu, "bonyeza kale kakitufe ka juu kushoto karibu na kale kengine", nani atakuelewa? Lazima uweke skrinishoti, yani picha ya skrini yenyewe. Nikapiga zangu safi kabisa nikapeleka mswada, mhariri kanirudishia na swali moja tu, ruhusa ya picha iko wapi?

Ruhusa? Ya picha niliyopiga mwenyewe, kidole changu, umeme wa luku niliyonunua mwenyewe?

Kumbe ile skrini unayoitolea macho kutwa nzima ina wenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, hii hii iliyoizaa COSOTA, wale wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, inaihesabu programu ya kompyuta kama maandishi, kundi moja na vitabu na vijarida. Ni kweli inaruhusu kunukuu kwa kiasi ukitaja chanzo, na Wamarekani nao wana kifungu chao cha 107 kwenye sheria ya 1976 kinachomlegezea kamba mwalimu na mtafiti, sasa nenda kamwambie hayo mchapishaji uone. Mchapishaji hataki vifungu, mchapishaji anataka karatasi. Anaogopa kuburuzwa mahakamani na matajiri wa Marekani kwa kitabu ambacho mteja wake mkubwa ni mjomba wangu.

Haya, nikaingia kusoma masharti ya Microsoft, wenye hiyo Excel. Kwa kweli niwape haki yao, hawana roho mbaya, kwenye vitabu wanakuachia uweke skrinishoti mradi uandike kwamba imetumika kwa ruhusa ya Microsoft. Nikafurahi mpaka nikaagiza chai. Chai haijafika nimeshashuka chini kidogo: usiibadilishe picha, kuikuza na kuipunguza tu ndio ruksa. Usitumie kipande. Isiwe na sura ya mtu anayetambulika. Isiwe na kitu cha mtu mwingine ndani yake. Isiwe ya toleo la majaribio ambalo halijaingia sokoni.

Usitumie kipande! Yani kitufe chenyewe ni kama punje ya mchele, nikiweka skrini nzima kwenye ukurasa wa A5 mwanafunzi atakiona kwa darubini? Na mishale yangu myekundu je, ile niliyokesha naichora? Mhariri anasema mshale nao ni mabadiliko. Nikamuuliza, dada yangu, nikiuweka nje ya picha, pembeni, unanyooshea kwa mbali? Akanyamaza weee, mwisho akasema ataulizia.

Hapo bado la kompyuta za maabara ya chuo. Kila picha niliyopiga kule, kona ya chini kulia, kuna maandishi yamefifia lakini yanasomeka vizuri tu: Activate Windows. Leseni haijalipiwa! Kwahiyo mimi namuomba mtu ruhusa kwa picha inayomwambia hapo hapo kwamba hela yake hajapewa. Nikate kona, marufuku. Nifute, nimebadilisha. Ikabidi niazime laptop ya shemeji, yake imelipiwa kila kitu, nawasha nakuta nyuma ya skrini kajaza picha ya harusi, yeye, mke wake na kamati nzima, wote wanatambulika. Na usidhani picha ya nyuma ni pambo tu, hata kile kilima cha kijani cha Windows XP tulichokizoea kwenye intaneti kafe ni mahali pa kweli, Charles O'Rear alikipiga California 1996 na Microsoft wakanunua haki zake. Kilima, bana.

Jamaa mmoja ofisini akaniambia si uhamie LibreOffice, programu huria, hao hawana mlolongo. Wazo zuri, nalipenda, tatizo muhtasari wa somo umeandikwa Excel na mtihani utauliza Excel. Halafu sura ya takwimu ina SPSS, programu ya kuchambua takwimu, hiyo ni ya kampuni ya IBM, nao wana masharti yao, naanza moja.

Kinachoniuma zaidi ni pale steshenari ya getini. Natoka na lundo langu la fomu, namkuta kijana anatoa kopi kitabu kizima, jalada hadi jalada, spairo juu, wanafunzi foleni. Kaniona kafurahi, "Mwalimu, kile cha kwako kinatoka lini? Wanakiulizia sana hapa." Wanakiulizia hapo!

Basi nikapambana, fomu zikajazwa, picha zikapigwa upya, mishale ikakaa nje. Nikajua nimemaliza. Juzi usiku mhariri kanitumia meseji: picha yako ya nyuma ya jalada alipiga nani, tunaomba ruhusa ya mpiga picha kwa maandishi. Ile pasipoti saizi! Mpiga picha mwenyewe alishafunga studio kaenda Geita kwenye dhahabu, namba yake haipatikani.