Ufini 1939–40: Makamanda waliorudi nyuma hawakutendewa haki

Wanaosimulia Vita vya Majira ya Baridi kati ya Ufini na Umoja wa Kisovieti hupenda kuanzia Suomussalmi, ambako Wafini waliotembea kwa ski waliikata safu ndefu ya adui vipande vipande msituni. Ushindi ule ulikuwa wa kweli. Lakini hatima ya nchi haikuamuliwa huko. Iliamuliwa Karelia, kwenye ukanda mwembamba ulio kati ya Ghuba ya Ufini na Ziwa Ladoga, na huko jeshi la Ufini liliokoka kwa sababu lilijua kurudi nyuma.

Kurudi huko kulianza wiki ya kwanza tu. Wasovieti walivuka mpaka 30 Novemba 1939, na kufikia 6 Desemba walikuwa wanazigonga ngome za Mstari wa Mannerheim, safu kuu ya ulinzi ya Wafini. Mannerheim mwenyewe, amiri jeshi mkuu, alikasirika. Alitaka vikosi vya mpakani vipigane kwa ukaidi zaidi, na hoja yake ina uzito: ardhi iliyoachwa bila vita kali hukombolewa kwa damu nyingi, na kila siku ya kumchelewesha adui ni siku ya kujiandaa. Tena gharama iliwaangukia raia. Wapo waliohamishwa Oktoba, wakarejea makwao Novemba wakidhani hatari imepita, kisha nyumba zao zikachomwa na askari wao wenyewe ili adui asipate pa kujikinga na baridi.

Hata hivyo Hugo Österman, kamanda wa majeshi ya Karelia, alikuwa na tatizo lisiloondolewa na hasira: vifaru. Ufini nzima ilikuwa na takriban mizinga 100 tu ya kupigia vifaru, na askari wengi walikuwa hawajawahi kupambana navyo. Katika siku zile ngumu walijifunza kwamba kifaru kilichotengana na askari wake wa miguu kinaweza kusogelewa na mtu mmoja mwenye chupa ya petroli. Wangeteketea mpakani, ujuzi huo usingefika kwenye ngome. Na nchi ya watu milioni 3.7, ikipigana na yenye watu wapatao milioni 170, ingewatoa wapi wengine? Shambulio la kujibu la 23 Desemba lilionyesha bei ya ukaidi: takriban Wafini 1,300 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja, na mstari haukusogea.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuja Februari. Tarehe 11 Wasovieti walitoboa mstari karibu na Summa, na tarehe 15 Mannerheim akaruhusu upande wa magharibi uondoke. Wapinzani wa hatua hiyo wana haki ya kuuliza: kwa nini kuacha ngome za zege na kwenda kwenye mahandaki ambayo hayajakamilika, yaliyochimbwa katika udongo ulioganda kama jiwe? Lakini ngome iliyotobolewa ubavuni huwa mtego kwa waliomo. Watu waliokesha siku kadhaa walipaswa kuondoa mizinga, farasi na majeruhi katika theluji nzito, adui akiwa nyuma yao. Waliweza, na upande wa mashariki, Taipale, haukuvunjika.

Tangu 15 Februari hadi vita kusimama 13 Machi ni siku 27. Siku hizo ndizo ninazoona hazithaminiwi. Mwishoni mwa Januari Moscow ilikuwa imekubali kuzungumza na serikali ya Helsinki, badala ya ile ya kibaraka ya Kuusinen, mkomunisti wa Kifini, ambayo Wasovieti waliiunda 1 Desemba. Wajumbe walipofika Moscow Machi, nyuma yao kulikuwa na jeshi lililochoka mno, lakini lenye mstari wa mbele usiokatika. Lingezingirwa Summa, wangejadiliana kwa nguvu gani?

Masharti ya amani yalikuwa machungu. Mji wa Viipuri ulikwenda, na zaidi ya watu 400,000 walipoteza makao. Anayesema kwamba Karelia ilipotea pamoja na kurudi nyuma kote huko hakosei. Ila Karelia ilitolewa mezani. Serikali, bunge na jeshi vilibaki.

Österman aliondoka kwenye ukamanda tarehe 19 Februari, na nafasi yake ikachukuliwa na Erik Heinrichs. Kabla mwezi haujaisha, majeshi chini ya Heinrichs nayo yalikuwa yanarudi nyuma tena, kwa idhini ya Mannerheim.