Mama aliniuliza kama nimefukuzwa kazi

Mwaka juzi mama alinipigia video kol Jumanne saa nne asubuhi, akanikuta nina mtoto mgongoni kwa kanga naosha chupa za maziwa, akanyamaza kidogo halafu akauliza kwa sauti ya chini kama vile kuna mtu pembeni asisikie: "Mwanangu, umefukuzwa kazi?" Nikamwambia hapana mama, niko likizo ya uzazi. Alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Kwani umejifungua lini wewe?"

Mi naendesha basi Göteborg, Uswidi, mwaka wa tisa huu. Huku mtoto akizaliwa wazazi wawili mnapewa siku 480 mgawane, 390 kati ya hizo unalipwa karibu asilimia 80 ya mshahara, zile 90 zilizobaki ni vijisenti, kronor 180 kwa siku. Na ndani ya hizo siku 480 kila mzazi ana siku 90 zake mwenyewe, baba hawezi kumpa mama, asipozichukua zimeenda.

Nikieleza hivi nyumbani naambiwa aah wazungu wana moyo wa kulea bana. Moyo gani? Likizo ya kugawana ilianza huku 1974 na wanaume wala hawakuigusa, wanamwachia mama zote, mpaka 1995 serikali ilipotenga mwezi mmoja wa baba, 2002 ukaongezwa wa pili, 2016 wa tatu, hapo ndo ukaanza kuwaona wanaume wanasukuma vigari vya watoto. Hela ikitaka kupotea mwanaume yeyote anajifunza kubadilisha pampasi, mi mwenyewe ndo nilivojifunza. Halafu hela hiyo inatoka mfuko wa bima ya jamii, sio mfukoni kwa bosi wako, kwa hiyo bosi hakununii.

Nisiwadanganye lakini, wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Wife hakuwa na mtu wa kumkanda, hakuna mtori, hakuna shangazi wa kusema hebu kalale nipe huyo mtoto, alilia arobaini nzima na jirani wa mlango wa pili hata hajui kama tumepata mtoto. Tangu Julai 2024 unaweza kumgawia mtu mwingine siku zako, hata bibi, mpaka 45, ila lazima awe kwenye bima ya huku, sasa mama yangu wa Morogoro anaingiaje hapo.

Haya, twende Dar. Sheria ya ajira ya 2004: mama siku 84, mapacha 100, baba siku 3. Siku tatu! Kenya hapo jirani ni wiki mbili. Na hiyo ni kwa wenye ajira, mama ntilie hana hata siku moja. Dada yangu anauza duka la mtu Kariakoo, sheria hiyohiyo inasema anayenyonyesha apewe mpaka masaa mawili kwa siku, alipoomba akajibiwa kama anataka kunyonyesha akanyonyeshe moja kwa moja. Na hata angepewa, anakaa Mbagala, kwa ile foleni masaa mawili ni ya kwenda na kurudi tu. Basi anakamua maziwa stoo katikati ya maboksi ya vitenge, mengine anayamwaga.

Mtoto anabaki na nani? Hapa ndo watu wananiambia sisi tuna undugu, nyie huko mnalea peke yenu, na mi nilikuwa nasema hivohivo zamani. Nilipoenda Desemba nikaukuta huo undugu wenyewe: binti mmoja katoka Singida. Nikamuuliza una miaka mingapi, akamwangalia dada kwanza ndo akajibu kumi na nane. Nisingempa hata kumi na tano. Kesho yake mtoto akaamka na homa, dada hawezi kukosa kazini, akaacha Panadol ya maji na namba ya kupiga, na kisimu cha binti hakina vocha. Nilirudi mchana nikamkuta kaegemea mlango, mtoto kifuani, wote wamelala wamelowa jasho.

Huku mtoto akichemka unapiga simu kazini unasema leo navabi, wana kitenzi kabisa cha kubaki nyumbani na mtoto mgonjwa, na unalipwa, mpaka siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto. Februari wenyewe wanaiita vabruari kwa jinsi mafua yanavozunguka chekechea. Mi nilivabi siku nne mfululizo sababu ya sikio tu.

Simlaumu dada, mshahara wake ndo unalisha nyumba. Ila tukisema mtoto wa kwetu kalelewa na ukoo, tumhesabu na yule binti, maana na yeye ni mtoto wa mtu na shule kaiacha.

Juzi dada kanipigia, binti kaondoka usiku bila kuaga. Ananiuliza kama namfahamu mtu Singida au Dodoma wa kumpatia mwingine, wa haraka, kabla ya Jumatatu.