Mtoto wa Ami na Hesabu ya Damu

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, posa ya mtoto wa ami bado hupokewa kwa vigelegele. Jirani aliyetoka bara akisikia, hustaajabu: kwake binamu ni ndugu, na kumwoa ni mwiko. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imewasikiliza wote wawili. Inakataza ndoa ya binamu, kisha inawatoa Waislamu katika katazo hilo. Nayo Suratun-Nisaa, aya ya 23, inawataja wanawake walioharamishwa, na binamu hayumo. La uhalali limekwisha. Limebaki la afya, na hapo naona tunazozana vibaya.

Wanaopinga husema wanaooana jamaa huzaa vilema. Utafiti mkubwa uliofanywa Bradford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ndoa ya binamu huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro kutoka takriban 3 hadi 6 kwa kila watoto 100. Maana yake wengi mno huzaliwa wazima. Lakini hatari imekuwa maradufu, na atakayelea hao 3 wa ziada ni mama fulani, usiku na mchana.

Sababu yake haina laana wala jicho. Kila mmoja wetu hubeba jeni chache zenye hitilafu bila kuugua. Mabinamu wana babu na bibi wamoja, kwa hiyo wanashirikiana takriban thumuni ya jeni zao. Ikitokea wote wawili wamerithi hitilafu ileile, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tena hesabu hiyo ya thumuni ni ya ndoa moja tu. Ikiwa wazazi wao nao walikuwa mabinamu, na babu zao vilevile, hatari hupanda. Hili watetezi wa ndoa za jamaa hawapendi kulitaja, na ni kosa kubwa.

Hata hivyo, anayeshauri "oa mbali usalimike" naye anapotosha. Malaria imeifanya jeni ya selimundu, ule ugonjwa tuuitao sikoseli, ienee Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwa sababu anayeibeba jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kijana wa Kibokoni huku Pwani akimwoa binti wa Kisumu kule ziwani, na wote ni wabebaji, hatari yao ni ileile moja kati ya nne. Ugeni wa ukoo hautawakinga.

Faida za kuoana jamaa siwezi kuzipuuza: mkwe ni shangazi aliyekulea, tabia zinajulikana, mali haitoki. Ingawa wakiachana, ndugu wawili hukosana, na binti ambaye ami yake amemposea mwanawe si rahisi kusema hapana.

Linaloniuma zaidi ni aibu. Mtoto akizaliwa mgonjwa, mtaa hunong'ona: "Si walioana wenyewe kwa wenyewe?" Basi mama humficha ndani. Akifariki, husemwa ni homa. Miaka 20 baadaye, watoto wa dada zake wanaposwa, wala hakuna anayejua kilichomuua yule mdogo. Hivyo masimango yenyewe huzidisha ugonjwa.

Saudi Arabia, nchi ambayo ndoa za jamaa ni nyingi, iliwalazimu wachumba kupimwa selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, tangu 2004, na majibu mabaya hayazuii nikahi, wanaamua wenyewe. Sisi tunaweza kuanza bila sheria. Kipimo cha damu cha selimundu kipo. Kwa magonjwa mengi adimu ya kurithi, hasa yale yasiyojulikana jina, hakuna kipimo cha mara moja, na habari za ukoo ndizo pa kuanzia. Kabla ya mahari kutajwa, shangazi mmoja amwulize mwenziwe faraghani, kwa upole: yule mtoto wenu aliyetangulia, alikuwa akiugua nini?