Wimbo Ulipohama, Kimvita Kilibaki na Nani?

Wazee wa Mji wa Kale wa Mombasa wana malalamiko matatu ambayo aghalabu huyatoa kwa pamoja: kwamba taarabu imekwisha, kwamba mahamri ya siku hizi hayana nazi, na kwamba wajukuu wao hawasemi tena Kimvita, yaani lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, au Mvita kwa jina lake la kale. Vijana, hasa waliozaliwa Kisauni, Likoni na Changamwe na wazazi waliotoka bara, hujibu kwamba mji wa bandari hauna siku uliyosimama, na kwamba anayeililia Mombasa ya miaka ya 1960 anaililia Mombasa ambayo babu yake mwenyewe aliilalamikia. Pande zote mbili zina hoja nzito. Zinapokosea pamoja ni pale zinapoyafunga mambo hayo matatu katika mzigo mmoja, kana kwamba muziki, chakula na lafudhi hubadilika kwa mwendo mmoja na kwa sababu moja. Mimi naona kwamba viwili kati ya vitatu hivyo vinaweza kujitunza, na kwamba cha tatu, yaani lafudhi, kiko taabani kwa sababu kilikuwa kikitunzwa na kimojawapo cha viwili vile.

Katika muziki, hoja ya vijana ina nguvu kuliko wanavyodhani wao wenyewe. Taarabu inayoliliwa leo ilikuwa, kwa sauti zake, mkusanyiko wa vitu kutoka ng'ambo. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa sana kwa nyimbo zilizofuata tuni za filamu za Kihindi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake Mombasa na kufariki mwaka 2016, aliupiga udi, ala ya nyuzi, kwa namna iliyoelekea Uarabuni. Katika baadhi ya vikundi ilisikika tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo iliyotoka Japani. Zuhura Swaleh naye aliyaingiza katika taarabu mahadhi ya chakacha, ngoma ya wanawake wa harusini, na wala si kila mtu aliyeona kwamba ngoma ya faraghani ilistahili kupandishwa jukwaani. Nje ya kisiwa kuna Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na huko ndiko kunakohusishwa bango, muziki wa Joseph Ngala na saksafoni yake, ambao hadi leo hupigwa katika harusi na misiba ya Wakristo wa pwani. Bango si taarabu, lakini hakuna mwenye haki ya kusema kwamba si muziki wa Mombasa. Baadaye Mombasa Roots waliichukua chakacha wakaifanya ya disko na ya ukumbi wa hoteli, kisha likaja kundi la Ukoo Flani na rapu. Ukiufuata mkondo huu wote, hutaona kizazi hata kimoja kilichokipokea kilichoachwa na wazazi wake kikakihifadhi bila kukigusa.

Hapo ndipo wengi wanaotetea mabadiliko hufunga mjadala. Mimi naona kwamba hapo ndipo unapoanza, kwa kuwa tuni ni nusu tu ya wimbo. Tuni za Juma Bhalo huenda zilitoka Bombay, lakini maneno yake yalikuwa mashairi yenye vina na mizani, yaliyotungwa katika mkondo uleule wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita wa karne ya 19, na yaliyoimbwa kwa lahaja ya mji. Mtu aliyehudhuria harusi, au aliyesikia kaseti ikipigwa dukani kwa jirani, alisikia mato badala ya macho, ndia badala ya njia, kitwa badala ya kichwa, mtele badala ya mchele, nti badala ya nchi. Alisikia pia mambo ambayo maandishi hayawezi kuyaonyesha. Kimvita kina t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na nyingine ya ulimi kugusa ufizi, na hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayosukumwa nje pamoja na p ya yule mnyama. Tofauti ya namna hiyo haifundishiki kwa kalamu. Sikio huipata kwa kuirudiarudia, na wimbo ni njia ya kurudiarudia ambayo haimchoshi mtu.

Wimbo wa kijana wa Mombasa leo kwa kiasi kikubwa unasemwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kwa kuwa soko la bongo fleva liko huko na msanii anayetaka kusikika Mwanza na Kampala lazima aende lilipo soko. Sioni aibu katika hilo. Msanii ana kodi ya nyumba kama watu wengine, na Juma Bhalo mwenyewe aliifuata India kwa sababu wasikilizaji wake waliipenda. Tofauti ni kwamba tuni ya Kihindi iliweza kuvikwa maneno ya Kimvita, ilhali mtindo wa leo huja na lafudhi yake ndani. Kwa hiyo safari hii kilichohama ni tuni pamoja na ulimi.

Ingekuwa kuna shule nyingine ya lahaja, hasara hiyo ingefidiwa. Lakini shule rasmi ilikwisha kufunga mlango zamani. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja, lahaja ya mji wa Unguja, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa yenyewe, mwaka 1928, baada ya wamisionari waliokuwa wakifanya kazi hapo kukitetea Kimvita bila mafanikio, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Faida za uamuzi huo ni kubwa mno, na anayezibeza hajafikiri. Bila ya usanifishaji vitabu vya shule vingetawanyika, na mkulima wa Kigoma asingeweza kusoma gazeti moja na mvuvi wa Kilindini. Gharama yake, hata hivyo, haikugawanywa sawa. Tangu Kenya ilipokifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, aliyeandika ndia amewekewa alama ya kosa. Mwalimu anayesahihisha mtihani hana jinsi, kwa kuwa sanifu ndiyo inayotahiniwa. Kinachonisikitisha ni kwamba mtoto yule haambiwi kuwa neno lake ni sahihi mahali pengine, na kwamba lina ushairi wa zaidi ya karne moja nyuma yake. Hurudi nyumbani akiamini kwamba bibi yake hajui Kiswahili.

Chakula kimepata bahati ambayo lafudhi haikuipata, nayo ni soko linalolipa. Mgeni kutoka bara hahitaji kubadili ulimi ili ale mahamri kwa mbaazi za nazi, viazi karai, kachiri za muhogo au mshikaki. Anahitaji sarafu tu, na akishaonja hurudi. Mama anayekaanga alfajiri Majengo au Mwembe Tayari anawauzia watu wa kila kabila, na binti yake anajifunza kazi hiyo kwa sababu ina riziki. Muhogo wenyewe na pilipili iliyo juu yake asili yake ni Amerika, vikaletwa huku enzi za Wareno. Viliingia jikoni vikawa vyetu bila mtu kushika bango la kuvipinga. Kwa upande huu malalamiko ya wazee ni mepesi, isipokuwa lile la nazi, ambalo lina uzito kuliko linavyosikika. Tui la kopo au la unga halikiui chakula, lakini linaondoa kazi, na kazi ikiondoka huondoka na maneno yake. Anayekuna nazi kwa mbuzi, akaikamua kwa kifumbu, akalitenga kasimele, yaani tui zito la kwanza, na tui jepesi, na akabaki na chicha, yaani makapi, ana maneno manne au matano ambayo anayefungua pakiti hana haja nayo. Sahani mezani ni ileile. Mazungumzo ya jikoni yamepungua. Na jikoni, pamoja na harusini, ndipo mama alipomwachia binti yake lafudhi.

Sasa niitazame hofu ya upande wa pili, kwamba kuitetea lahaja ni kuwatenga waliotoka bara, maana siichukulii kwa wepesi. Katika Mombasa swali la mtu anatoka wapi haliulizwi kwa udadisi tu. Nyuma yake kuna ardhi, kazi za bandari na nafasi za uongozi, na hatujasahau jinsi kaulimbiu ya Pwani si Kenya, ya waliotaka pwani ijitenge, ilivyosikika mitaani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na sehemu kubwa yao hawakuwa na bibi wa kuwarithisha Kimvita. Wamo Wagiriama, Waduruma na Wadigo, ambao wamekuwa majirani wa mji huu kwa karne nyingi na wana lafudhi zao za Kiswahili. Wamo Wakamba, Waluo na Wataita waliozaliwa hapa wakazikia wazazi wao hapa. Ikiwa utetezi wa Kimvita utageuka kipimo cha nani ni wa Mombasa na nani ni mgeni, basi afadhali lahaja inyamaze kuliko isemwe kwa kazi hiyo. Nayasema haya nikiwa miongoni mwa wanaoipenda.

Lakini hofu hiyo inasimama juu ya dhana kwamba lahaja hurithiwa kwa damu, na historia ya muziki wenyewe inaikanusha. Wakati taarabu ilipokuwa na nguvu, Kimvita kilijifunzwa na yeyote aliyekaa karibu na spika. Hata leo dalili ipo. Msikilize utingo wa matatu inayotoka Kongowea, kijana ambaye wazazi wake huenda walishuka kutoka Machakos: hatakuuliza unaenda wapi, atakuuliza waenda wapi, na akikujibu atasema ntakuja na wataka nini kama mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale. Hakufundishwa hayo darasani, na mtihani ungeyakata. Ameyaokota kituoni na sokoni, ambako abiria na mteja wanataka kujibiwa kwa ulimi wanaouzoea. Muulize kijana huyohuyo kuhusu mato na ndia, atacheka, au atadhani umekosea. Umbo la kitenzi limempata kwa sababu lina kazi ya kila siku barabarani. Matamshi ya maneno yale hayakumfikia kwa sababu kazi yao ilikuwa katika wimbo, na wimbo anaousikiliza ndani ya matatu yake, kuanzia Kongowea hadi mjini, umetungwa Dar es Salaam.